Mishono Arobaini ya Mwani

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Salama! Nimelia kidogo kwenye ngazi za hospitali, hakuna aliyeniona. Anarudi Jumapili. Alipozinduka, swali la kwanza: Hakimu amekula? Hakimu ni samaki wake wa maji ya chumvi, wa njano, miaka tisa tuko naye, na humtazama mtu kama ameshamhukumu. Nikasema amekula vizuri. Uongo mtupu. Tangu Jumamosi hajagusa kitu. Muuza samaki amepima maji, akatikisa kichwa. Uchafu umezidi. Dawa yake mwani: unapandwa kwenye tangi dogo la chini, unawashiwa taa, maji yakipita humo unakula uchafu, kisha pampu inayarudisha juu. Nimenunua fungu zima. Fundi cherehani wa miaka thelathini, mwani utanishinda?

Jumanne, 5 Machi
Umenishinda. Umeelea wote, ukaingia kwenye pampu. Maji yamefurika mpaka kwenye suruali ya mteja. Shemeji akaja bila kuitwa. Huyu ni mdogo wake mke wangu, anaishi ng'ambo ya barabara na ana matangi matatu, hachoki kuyataja. Akasema mwani hufungwa kwenye kijiwe kwa uzi, kwa kulegeza, kisha unaachwa ujishike wenyewe. Wiki mbili usiuguse. Nimemshukuru kwa adabu zote. Wiki mbili bila kugusa! Ushauri wa mvivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Nina mpango. Fundi hashoni kabla ya kupiga pini. Nimechukua pedi ya bega la koti, nikaubana mwani juu yake kwa pini ishirini na mbili, nikauzamisha kwa jiwe. Umetulia tuli. Mke kapiga simu: Hakimu amekula? Mara mbili, nikasema. Nilipokata simu nilimwomba Hakimu radhi.

Alhamisi, 7 Machi
Pini zimeshika kutu! Maji ya chini yamekuwa rangi ya chai. Konokono wa tangini wamejifungia ndani ya magamba yao, hawataki kuniona. Hakimu yuko nyuma ya jiwe anahema. Nimebadilisha maji ndoo kwa ndoo, mgongo hauna hali. Shemeji alizikuta pini kwenye bakuli. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha akabeba ndoo saba bila kuambiwa. Sitaki kumpenda mtu huyu.

Akaniuliza kwa nini simwambii dada yake ukweli. Nikasema mgonjwa hatiwi wasiwasi. Sikumwambia lililo moyoni. Siku ya kwenda hospitali mke wangu alinishika mkono, akasema, "Mtunze Hakimu. Nikirudi nimkute." Sasa limeniingia kichwani kwamba samaki akifa, na yeye harudi. Ujinga, najua. Lakini naogopa kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekubali uzi. Kulegeza sikukubali. Nimetandaza mwani juu ya kipande cha wavu wa plastiki, nikapiga mishono arobaini, imekazwa sawasawa, kazi safi. Kufika alasiri uzi umekata mashina yote. Mwani ukaelea. Pampu. Sakafu. Suruali ileile!

Nimeanza upya. Safari hii bandi tu, ule mshono mlegevu tunaoutia nguo kwa muda kabla ya kuishona. Pembeni mawe manne. Haujanyanyuka. Fikra yangu mwenyewe kabisa, Shemeji asije akadai.

Jumamosi, 9 Machi
HAKIMU AMEKULA! Kaonja, katema, kala tena. Nimeruka, nikagonga kichwa kwenye rafu. Shemeji anadai ni zile ndoo, mwani haufanyi kazi kwa siku moja. Wivu. Nimempigia mke kumpa habari. Akauliza, si ulisema anakula kila siku? Nikasema ndiyo, ila leo kazidisha.

Jumapili, 10 Machi
Amerudi! Kwa mikongojo miwili, moja kwa moja mpaka kwenye tangi. Hakimu akaja kwenye kioo, wakatazamana. Kisha mke wangu akainama kidogo kuchungulia tangi la chini.

"Mume wangu," akasema, "mwani huu una pindo."

Akacheka mpaka akashika nyonga. Nikakiri yote, pini, kutu, suruali. Kumbe alijua tangu Alhamisi, Shemeji alimwambia. Nikamuuliza basi kwa nini kila siku aliniuliza habari za samaki.

"Wewe ukiulizwa kama umekula unadanganya. Nikikuuliza habari za Hakimu, naisikia sauti yako, najua hali yako."

Nimelia mbele ya Shemeji. Potelea mbali. Mke wangu kaniapisha mambo mawili: mwani nisiuguse wiki mbili, na uongo basi. Nimeapa yote mawili, kwa moyo mmoja.

Sasa amepumzika chumbani. Mwani umeinamia kushoto. Siugusi, nimeapa. Ila nimemwona anavyotembea. Mikongojo ni mirefu, imezidi vidole viwili. Daktari aliipima mwenyewe na akasema isiguswe, lakini daktari hapimi watu suruali kila siku. Nimekwisha kata mkongojo wa kushoto. Msumeno unakwenda vizuri. Ameita kutoka chumbani, anauliza kama nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Nimemjibu nimeshiba, nikaendelea na wa kulia.