Mashine Iliyojifunza Kunyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Leo natimiza miaka thelathini na minne tangu nitoke nyumbani. Niliondoka na sanduku la mbao, kamusi moja na kiapo: sirudi mikono mitupu, narudi na dhahabu. Kiapo kimezeeka vizuri kuliko magoti yangu.

Lakini leo! Leo imefika! Detekta mpya, ya kutafutia dhahabu, imelala kwenye boksi lenye sponji kama mtoto mchanga. Ina kioo. Ina milio ya kila namna. Ina mkanda wa kuivalia begani. Ili kuipata nimeuza pikipiki, jenereta na kabati la vitabu. Vitabu vyenyewe nimebaki navyo, nimevipanga sakafuni kwa alfabeti. Mke wangu aliizunguka mashine, akauliza kama inapika.

Dada akapiga simu kabla sijamaliza kuifuta vumbi. Yeye ndiye mkubwa wetu, ndiye anayetunza nyumba ya wazazi. Kumbe mpwa wangu anaoa na anataka chumba. Chumba chenyewe ni changu, kile cha dirisha la mashariki. Tangu niondoke hakijalaliwa na mtu. Dada akasema: mdogo wangu, leo nataka kweli tupu. Kama unarudi, huyu bwana harusi atafute pa kulala. Kama hurudi, Jumapili nampa ufunguo.

Nikamwambia asithubutu. Nakuja, na Jumapili atasikia habari ya dhahabu. Kisha akauliza kama bado nalala nimeelekea ukutani, kama nilivyokuwa utotoni. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mwenye detekta?

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi na mapema nimeshuka korongoni. Ni lile korongo kavu nyuma ya mtaa, ambalo wachimbaji wote wa hapa tunalikwangua. Nikaivaa begani. Nikawasha. Ikaita! Nikachimba hadi magotini. Kizibo cha soda. Ikaita tena. Msumari. Ikaita tena, mlio mtamu kuliko yote, nikachimba kwa imani kubwa mpaka nikaishiwa pumzi. Hakuna kitu. Nikainama kufikiri, ikazidi kuita. Ilikuwa bizimu, kifungio cha chuma cha mkanda wa suruali yangu.

Nikavua mkanda, nikaendelea na kazi huku nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Sasa ukaanza kuita udongo wenyewe. Kila hatua, mlio.

Kipara alikuwa ng'ambo akinitazama. Huyu ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja, na ni mshindani wangu wa miaka mingi. Detekta yake ni chakavu, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na hulia kama mbuzi mwenye mafua. Akapaza sauti ili korongo zima lisikie: Profesa, hiyo ni ya kutafuta dhahabu au ya kuwaitia watu mkutano? Wakacheka. Wacha wacheke. Mtu aliyeshika suruali hana nafasi ya kujibizana.

Nikampigia muuzaji. Akasema udongo wetu una chuma, kwa hiyo lazima mashine izoeshwe. Kuna kitufe. Unakishikilia, unaipitisha mashine juu ya ardhi huku na huku, inaijua sauti ya udongo huo na kuipuuza. Baada ya hapo itaitikia kitu kigeni tu. Yote hayo, akasema, yamo kwenye kitabu cha maelekezo, sura ya tatu. Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu. Sura ya tatu niliiruka kwa sababu ilikuwa na picha.

Jumatano, 5 Machi

Nina mpango. Safi kabisa!

Nitaizoesha mashine hapa nyumbani, uani, mbali na macho ya Kipara. Ila mwalimu mzuri humpima mwanafunzi. Lazima kuwe na dhahabu ya kweli ya kumjaribia. Humu ndani dhahabu ni moja tu, pete ya mke wangu, nayo alikuwa ameivua ili afue. Nikaichukua. Nikaizika uani, nikasawazisha udongo, nikafagia juu yake kwa ustadi, nisije nikajipendelea kwa kuona alama.

Kisha nikashikilia kitufe na kuanza kazi. Huku na huku, taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Upande nilikozika pete ndiko nilikokaa zaidi, ili mashine ielewe somo.

Mwanzoni ilipiga kelele. Halafu ikanung'unika. Halafu kimya. Kimya kabisa, ua mzima! Sahani yake, ile duara ya chini inayonusa ardhi, nimeibusu. Nani sasa wa mkutano?

Kuna jambo moja dogo. Pete nayo haikuita.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma sura ya tatu. Imeandikwa kwa herufi nene: usiizoeshe mashine mahali penye dhahabu, itadhani dhahabu ni udongo. Kumbe mwanafunzi wangu ni hodari kuliko nilivyomdhania! Amehitimu mpaka na pete. Hilo ni sifa kwa mwalimu.

Sura ya tano inaeleza namna ya kuifuta kumbukumbu na kuanza upya. Nimekataa. Siwezi kuifuta elimu ya siku nzima.

Nimechimba ua tangu chai ya asubuhi. Nilifagia vizuri mno, ndiyo tabu yake. Mke wangu akatoka, akauliza natafuta nini. Nikasema natengeneza bustani. Ya nini? Ya mboga. Mbegu ziko wapi? Njiani. Akanitazama kwa jicho la pembe, akasema: Mzee, ukiiona pete yangu uniambie, maana sijui nimeiweka wapi, na katika vitu vya kwetu nilikotoka, hicho ndicho pekee nilichobakiwa nacho. Nikamwambia vitu vidogo hupotea katika nyumba kubwa. Nyumba yetu ina vyumba viwili.

Kipara alichungulia juu ya ukuta. Akauliza kama tumefiwa, maana anaona makaburi. Nikamwambia nimeshindwa kuamua pa kumzika yeye. Alicheka. Hilo ndilo tatizo lake, ukimtukana anafurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi korongoni kichwa juu. Nimelipita kutoka bonde hadi daraja na mashine haikutoa hata mguno. Nikasimama juu ya jiwe, nikawatangazia wenzangu kwamba korongo hili limekwisha, dhahabu hamna tena, wakapumzike majumbani mwao.

Walianza kukunja vifaa. Kipara akasema yeye atapita mara ya mwisho, kuaga tu. Akapita kwenye nyayo zangu zile zile. Mbuzi wake akakohoa. Akainama, akachokoa, akainuka na punje ya dhahabu kama dengu. Watu wakapiga vigelegele. Akanionesha kwa karibu na kuniuliza kwa upole kama huu nao ni udongo.

Naandika hapa kwa haki: mashine ya Kipara ni dhaifu mno, inaona vidogo tu.

Hata hivyo keshokutwa ni Jumapili na dada anasubiri. Nyumbani nako mke wangu hasemi. Mke wangu akinyamaza ni hatari kuliko mashine ikinyamaza. Kwa hiyo jioni nikamfuata Kipara kwenye banda la chai, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia mkono wake ni wa kizamani lakini wenye busara, na kwamba mimi mwenyewe ningependa kusikia maoni yake juu ya mashine ya kisasa. Tubadilishane, siku moja tu. Alivimba kichwa mbele ya watu. Akasema, Profesa, hatimaye umekuja shule! Nikatabasamu. Amenasa mzima mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Kipara alipokea detekta yangu kwa mikono miwili na kuelekea korongoni, anatembea kama bwana harusi. Mimi nikaingia uani na ule mbuzi wake. Mpini unanuka tumbaku. Nikapita kandokando ya ukuta, si pale nilipochimba Alhamisi, maana kumbe nilikuwa nachimba upande usio wenyewe. Mbuzi akakohoa. Nikafukua kwa kijiko. Pete! Nikaivaa kidole cha mwisho isije ikanitoroka.

Nikaipitisha mashine tena ili nifunge kazi. Ikakohoa tena. Shimo lile lile! Nikachimba zaidi. Hapo ndipo penye kifusi ambacho mwenye nyumba alikimwaga kusawazisha ua, mwaka tulipohamia. Alikileta kwa lori, kutoka korongoni. Mikono yangu ilikuwa inajua kabla yangu. Nikatoa donge la udongo, nikalisugua kwenye shati.

Dhahabu. Kubwa kama harage. Nzito kama neno.

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo tumeanika nguo juu yake.

Mke wangu akaja, akaona pete kidoleni mwangu na dhahabu kiganjani. Akachukua pete kwanza. Akaivaa, akaigeuza, akaitazama kwa muda. Kisha akatazama kiganja. Akasema kwa sauti ndogo: basi, Mzee, umepata. Kiapo kimekwisha. Nianze kufunga mizigo?

Nikamwambia nina udongo machoni.

Kipara alirudi alasiri, amechoka, mashine kaibeba begani kama mgonjwa. Akasema haikuita kitu siku nzima ila kila alipoinama kuisikiliza kwa karibu. Amechimba mashimo ya kutosha kupanda shamba, hadi akagundua inaitikia jino lake la fedha. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akadai mbuzi wake. Akauliza nimepata nini. Nikasema minyoo. Akasema hongera, nikavue samaki.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa na kalamu tangu alfajiri, na nimefikia uamuzi wa kisomi. Ni nani hasa aliyeipata dhahabu? Mbuzi wa Kipara aliita, sawa. Lakini aliita kwenye shimo la pete. Pete iliingia shimoni kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mashine yangu. Kwa hiyo mashine yangu ndiyo iliyonionesha, tena bila kutoa sauti. Ubovu wake ulikuwa mmoja tu: sahani ni ndogo.

Nimempigia muuzaji. Ipo sahani kubwa, ya kuona chini maradufu. Nilipomweleza kuhusu harage langu, alikubali kubadilishana kabla sijamaliza sentensi. Mtu muungwana sana. Italetwa Jumatano!

Kisha nikampigia dada. Nikamwambia nimepata. Akapiga kelele ya furaha hadi simu ikakwaruza, nikasikia anawaita watu wa nyumba nzima waje wasikie. Halafu akauliza: sasa waja lini? Nikaanza kumweleza habari ya sahani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: mdogo wangu, hapa hakuna aliyewahi kukuagiza dhahabu.

Ni kweli. Nimetafuta kichwani jina la aliyeniagiza, sikulipata.

Nikamwambia ampe kijana ufunguo. Amwambie lile dirisha hukwama, aliinue kidogo kabla ya kulisukuma. Akasema dirisha hilo walilibadilisha zamani. Nikasema vizuri. Tukaongea mambo mengine, mvua, magoti, na jinsi bibi harusi alivyo mrefu. Mwishoni nikamjibu lile swali lake la Jumatatu: ndiyo, bado.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliingia ndani, akaanza kuzirudisha kabatini nguo alizokwisha kufunga, moja moja, akiimba chinichini. Nadhani naye amefarijika, ingawa wimbo sikuutambua.

Jumatano sahani ikifika nitaizoesha hapa hapa uani, kwa sababu sasa nina hakika kwamba pana dhahabu. Nyumbani sirudi.