Kioo cha Harusi Kwenye Motokari

Jumatatu, 7 Julai 1913

Motokari imefika Dodoma! Imeshushwa kwenye behewa saa tatu asubuhi, mji mzima uko kituoni. Ni ya Bwana Masharubu, mnunuzi wa ngozi. Nyekundu. Ilipounguruma, mwalimu wa misheni alipanda juu ya magunia ya karanga. Mimi sikukimbia. Nilirudi nyuma kidogo nipate kuiona vizuri.

Bwana ametangaza anatafuta mtu wa kiti cha pembeni. Kazi yake: kutazama nyuma mzigo usidondoke, kujaza mipira upepo, kumimina maji ya kupoza injini. Anapewa koti la ngozi na miwani ya vumbi. Koti! Kiti hicho lazima kiwe changu. Tangu reli ifike, misafara imekufa, na mimi karani wa misafara nimekufa nayo. Baba mkwe, Mzee Hasani wa Kondoa, ameleta ujumbe: Jumatano ya wiki ijayo anakuja na punda zake. Akinikuta sina kazi, anamchukua binti yake Tabu arudi naye nyumbani. Na mimi nikimtaka mke wangu, nimfuate nikachunge punda.

Tabu nampenda, jamani. Punda siwapendi. Mmoja aliwahi kuning'ata, tena alinitazama kwanza ahakikishe ni mimi.

Jumanne, 8 Julai

Tulijitokeza watu kumi na mmoja. Bwana alipowasha injini tukabaki wawili: mimi na Yotham. Huyu Yotham ni Mgogo wa hapahapa Dodoma, mtaa wa Kikuyu, anatengeneza cherehani na pampu. Grisi mpaka viwikoni. Sina wivu. Nasema tu kwamba mtu wa kiti cha pembeni awe msafi.

Yeye ana mikono, mimi nina magazeti. Dukani kwa Mwanahawa sabuni hufungiwa magazeti ya Kijerumani ya zamani, nami huyaomba. Nimesoma shule ya serikali Tanga. Nusu ya Kijerumani naielewa, nusu ya pili namalizia mwenyewe. Basi nikamwaga elimu mbele ya Bwana. Kwamba mwaka 1899 Mbelgiji mmoja alipita kilomita mia kwa saa, wa kwanza kabisa, kwa gari la umeme alilolipa jina Hairidhiki Kamwe. Kwamba mwaka 1906 kule Ufaransa mshindi wa mashindano ya magari alikuwa na rimu za kufungua: wenzake wanakata mipira kwa visu jua linawaka, yeye anabadilisha na kuondoka. Kwamba mwaka 1908 alishinda Mjerumani, Lautenschlager.

Bwana akafurahi sana. Akasema naam, na huyo Lautenschlager alikuwa fundi, akaanzia kiti cha pembeni. Kisha akamtazama Yotham. Sikulipenda lile jicho.

Yotham hakusema la maana. Aliuliza tu maji yanamiminwa wapi.

Nyumbani nilimsimulia Tabu habari za gari Hairidhiki Kamwe. Akasema analijua, analifulia kanzu mwaka wa nne huu.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya majaribio. Kwenda Kizota na kurudi, ngozi thelathini nyuma.

Asubuhi nakuta Yotham amefunga gurudumu la akiba ubavuni mwa gari, tayari limejazwa upepo. Eti alinisikia nikisimulia za zile rimu, akaona ni jambo zuri. Mwizi wa elimu! Hata hakuona haya, alinishukuru mbele ya watu.

Akaenda yeye kwanza. Nasikia alipiga kelele mara mbili: ngozi inadondoka, ndama anakuja. Wakarudi na ngozi zote thelathini.

Zamu yangu. Niliona Bwana asichoke njiani, nikamsimulia mashindano ya mwaka 1903 kule Ireland, na yule Mbelgiji wa ndevu nyekundu alivyoshinda kwa Mercedes. Nilisimulia kwa mikono. Tukafika na ngozi nne. Zilizobaki zimepangwa barabarani kutoka Kizota hadi kituoni, na juu ya kila ngozi mbwa.

Bwana amesema Yotham aanze kazi Jumatatu. Nililia. Kidogo tu, nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata! Nimetoka msikitini, nikapitia dukani, Mwanahawa akanipa mche wa sabuni. Kwenye karatasi ya sabuni, habari ya Amerika, mwaka 1911. Mashindano ya maili mia tano! Magari yote yana watu wawili, mmoja anaendesha na mmoja anatazama nyuma. Isipokuwa moja tu la manjano. Dereva peke yake. Mbele yake amefunga kioo, anaona wanaokuja nyuma. Wenzake wakalalamika. Akashinda!

Mpango: nimpelekee Bwana kioo. Kioo kikiwepo, Yotham wa nini? Kwisha habari yake.

Kioo kizuri mjini ni kimoja, kiko chumbani mwangu. Kioo cha harusi cha Tabu, fremu ya shaba. Baba mkwe alikinunua Bagamoyo akakibeba mwenyewe kichwani mpaka Kondoa. Hakumwamini punda hata mmoja. Nimemwambia Tabu nakipeleka kwa seremala kukazwa. Akaniuliza kimelegea wapi. Nikasema seremala ndiye atakayetuambia.

Jumamosi, 12 Julai

Ushindi! Nimekifunga kwa kamba za ngozi mbele ya usukani. Bwana alizunguka kituo mara tatu peke yake, akaona kuku, akaona mnara wa maji, akajiona masharubu. Alicheka mpaka machozi. Akaniita mtu wa akili. Papo hapo akamwambia Yotham asije Jumatatu.

Nikanyoosha mkono nipokee koti.

Bwana akauliza koti la nini. Kioo hakihitaji koti.

Kwa kweli hapo sikuwa nimepafikiria. Nimekaa benchi la kituo mpaka alasiri. Yotham akaja akakaa nami, akanigawia karanga. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 14 Julai

Sijui nianzie wapi.

Bwana alikwenda peke yake na mzigo. Kumbe gari likitetemeka na kioo kinatetemeka! Karibu na Makole akatazama kiooni akaona kundi zima la wanyama linamfukuza, masikio matupu, labda mia. Akakanyaga mafuta. Akaingia korongoni, magurudumu yakazama kwenye mchanga ambapo akina mama huchimba visima. Maneno waliyomwambia siandiki.

Kundi lenyewe lilikuwa punda mmoja. Nyuma yake wenzake watano. Nyuma yao Mzee Hasani, amewahi siku mbili.

Nilifika mbio na nusu ya mji. Yotham alikuwa ameshafukua magurudumu. Punda sita wakafungwa kamba, wakalivuta gari, wakalitoa. Halafu Mzee Hasani akasogea mbele kupangusa vumbi. Akajiona. Akagusa kibonyeo kidogo kwenye fremu, pale ilipogonga mlango siku ya harusi yetu.

Nikasema shikamoo. Mkwe hatazamwi usoni, nikatazama chini. Tena nikaona heri nitazame gari. Nikamkuta mlemle kiooni ananitazama, tena kioo kina ufa, basi wakwe wawili.

Akauliza kwa upole hiki ndicho kioo cha mwanawe? Nikasema kinafanana.

Jumanne, 15 Julai

Shauri limekatwa bila mimi. Yotham amepewa kiti. Na koti. Bwana amekodi punda wawili wafuate gari kila liendako, wabebe maji na kamba, maana mchanga haujui magazeti. Akauliza nani atawaswaga. Mzee Hasani akasema anaye mkwe, msomi, hana kazi.

Mkwe akikutaja hukatai. Niliinamisha kichwa. Punda mmoja akanitazama. Ni yuleyule!

Nyumbani niliungama kila kitu. Tabu alininunia mpaka chakula kikapoa. Halafu akamwambia baba yake mbele yangu kwamba asijisumbue, yeye asingerudi Kondoa hata mumewe angebaki bila kazi milele, amemzoea. Moyo wangu ulijaa. Kumbe kiti sikukihitaji, wala koti, wala kioo! Nikamuuliza mbona hakuniambia tangu mwanzo. Akasema alitaka kuona kama naweza kutafuta kazi.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya tatu ya punda. Natembea nyuma ya motokari nakula vumbi lake. Yotham amenipa miwani yake ya akiba. Sijui ana njama gani.

Leo nimeng'atwa tena. Nilikuwa mbele navuta kamba, sikumwona akija. Nimekaa nikatafakari kwa kina, nikakubali kosa langu. Kioo kilitaabika kwa sababu motokari inatetemeka. Punda hatetemeki. Kioo kidogo kikifungwa kwenye fimbo yangu, nitaona kila anachofanya nyuma, na Bwana akiona atashangaa.

Kile cha harusi kilivunjika kikifunguliwa garini, lakini kipande kizuri kimebaki, ukubwa wa kiganja. Tabu amekificha ndani ya chungu cha mtama. Anadhani sijui.