Alama ya Kijani ya Bakhita

Kwa furaha isiyo kifani, Kitengo cha Uthibitisho wa Ukaazi wa Kidijitali kinautangazia umma kwamba kuanzia Jumapili hakuna mtu atakayehudumiwa katika tawi la benki yetu la Madinat Sultan Qaboos kwa sababu tu yupo. Kuwapo hakutoshi. Lazima mfumo ukuone. Kitengo chenyewe ni mimi, Yaqdhan, mudiri yaani meneja wake, pamoja na printa moja.

Waraka wa makao makuu ulitaka tuhakiki ukaazi wa wateja wageni. Mafundi wa kompyuta wakaniuliza, mgeni ni nani? Nikawaambia ni yeyote aliyezaliwa nje ya Oman. Wakataka kubisha, nikawanyamazisha kwa cheo. Akaunti za wakubwa na wafanyakazi tuliziweka kando mpaka Alhamisi, siku ya uzinduzi. Sheikh Murshid, mwenyekiti wetu wa bodi, alinitumia barua ya pongezi, nami nikaitia fremu.

Wa mwanzo kufungiwa akaunti alikuwa Bakhita, mtu wa Tanga, fundi cherehani huko Al Khoudh anayewashonea mabuibui wanafunzi wa chuo kikuu. Binti yake kapata nafasi ya kusomea uuguzi kwao, na mwisho wa ada ni Alhamisi saa sita mchana. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Bakhita alileta kadi ya ukaazi, pasipoti na barua ya kafili, mdhamini wake nchini. Nikamweleza kwa upole, kwa Kiarabu cha ofisini, kwamba hizo ni karatasi, na ukaazi siku hizi uko kwenye simu, inayomtambua mtu kwa uso.

"Sasa mudiri, si mimi huyu hapa?"

"Dada yangu, mimi nnakuona. Mfumo ndio haukuoni."

Jumatatu simu iliukataa uso wake kwa kuwa kanuna. Nikamshauri asinune. Jumanne ikamkataa kwa kuwa katabasamu. Jumatano alilia mbele ya watu, nikamsogezea boksi la tishu, maana kumjali mteja ndiyo kazi yetu. Alhamisi saa tano unusu alama ya kijani ya kuthibitishwa ikawaka kwenye simu yake. Nikajipongeza kwa dhati.

Hapo hapo akaingia Sheikh Murshid na mpiga picha, azindue mfumo kwa akaunti yake mwenyewe. Akaweka bataka yake, kitambulisho cha raia, kwenye mashine. Skrini kubwa ya ukutani ikaandika: MTEJA AMEZALIWA NJE, WETE, PEMBA. AONESHE KIBALI CHA UKAAZI. Kibali hana. Yeye ni raia, nani atampa kibali cha kukaa kwao?

Hapa inabidi niseme kwamba ofisini sote, kwa maneno yetu, ni watu wa Nizwa ya hapa hapa Oman tangu mababu, na Kiswahili tunakiacha nyumbani. Nikasema mashine imekosea, nikaweka bataka yangu kuthibitisha. Ikaandika Chake Chake. Shatha wa kaunta akainama chini ya meza kutafuta kalamu, akakaa huko muda mrefu.

Nikakumbuka Kifungu cha Tisa cha kanuni za mfumo, nilichokiandika kwa mkono wangu: mteja asiyeonekana adhaminiwe ana kwa ana na mteja aliyethibitishwa, asiye mfanyakazi wa benki. Ukumbi ulijaa wateja, na wote tumewafungia. Mwenye kijani alikuwa mmoja tu, yuko dirishani anatuma ada, na saa ya ukutani imebakisha dakika kumi na mbili.

Sheikh Murshid akamwendea. Kiswahili chake sijapata kukisikia kazini, kumbe ni cha Pemba hasa. "Mama, nnakuomba unitilie saini hapa. Miye ndiye mwenyekiti wa benki hii."

Bakhita akamtazama, kisha akanitazama mimi. Hakupandisha sauti.

"Mimi nawaona, mudiri. Mfumo ndio hauwaoni. Chukueni namba mkae, nimalize kwanza ya mwanangu."

Tukachukua namba. Sheikh alipata mia na kumi na sita, mimi nikamfuata. Nilipotaka kumsogezea Sheikh boksi la tishu, nikakuta tishu zimekwisha.