Mlango Unaoishi Kwenye Kompyuta Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza baada ya chai. Kazi zimepungua, mwisho wa mwezi mchora ramani mmoja atapumzishwa. Tuko wawili tu, mimi na Dada Miwani. Amesema "atapumzishwa" kwa upole kabisa, kama daktari anayeficha sindano. Nina mke, nina watoto shuleni, nina mama mkwe chumba cha nyuma. Nikaingia msalani nikasali. Kabla sijasema amina, wazo likanijia. Nitatengeneza mlango!

Jumanne, 4 Machi

Mlango wenyewe ni wa kuchorea ramani kwenye kompyuta, uko hivi. Unauchora mara moja tu. Ukiutaka mpana, unaandika upana, na fremu, ubao, na ule upinde unaoonyesha unakofungukia, vyote vinajinyoosha vyenyewe. Unautumia tena na tena, hakuna kuchora upya. Dada Miwani amesema hongera kaka, hii ni kazi ya maana. Ameniita kaka! Anataka nini huyu?

Kautia kwenye mchoro wa wodi ya wazazi, milango yote. Hajui nilichofanya. Sikuuweka kwenye kompyuta kubwa tunayochangia. Umebaki kwenye yangu, michoro inauita kutoka huku. Siku nikifukuzwa nazima mashine yangu, wataita na hakuna wa kuitika. Sasa wanifukuze tuone!

Jumatano, 5 Machi

Sikufikiria vizuri. Mashine ikizimika, milango inapotea hata kama sijafukuzwa.

Mama Usafi kainama na ufagio karibu na waya wangu wa umeme. Nikaruka. Nikamwambia leo nafagia mwenyewe. Akauliza kama ni adhabu ya mke wangu iliyonifuata mpaka kazini. Nimefagia chumba kizima. Sikutoka kula. Haja ndogo nimeizuia mpaka machozi yakanitoka. Taa ikicheza kidogo tu, nazikumbuka dhambi zangu zote.

Jioni Dada Miwani akasema kaka nenda nyumbani, nitakuzimia kompyuta. Nikapiga ukelele. Nimebandika karatasi kwenye swichi: USIGUSE, KUNA SHOTI. Sasa nitalala kwa amani.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi umeme yuko chini ya meza yangu! Bosi aliiona karatasi, akaogopa ofisi isiungue, umeme wa upande wangu ukakatwa kabla sijafika. Fundi anasema ameitafuta hiyo shoti haioni, lazima ni shoti sugu.

Nikauliza kwa sauti ya mtu anayezama kama kuna chochote kilichochapishwa. Bosi akasema ndiyo, amechapisha michoro ya wodi, kaisaini harakaharaka, dereva kaipeleka saiti. Nikakaa sakafuni. Fundi akadhani nimepigwa na umeme, akanivua viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi wa ujenzi amepiga simu. Bosi kaiweka sauti ya nje. Msimamizi akauliza, mzee, mbona hii wodi ni boksi? Akina mama wataingilia wapi, dirishani? Na mtoto akizaliwa tumtolee kwenye paa? Mafundi wakaangua kicheko huko nyuma. Bosi hakucheka. Akasema anamtaka mhusika, na huyo hatangoja mwisho wa mwezi.

Nikapanga kusingizia panya. Nimefika "pa" tu, Dada Miwani kashafungua mchoro na kuona unaita mashine yangu. Nikafumba macho. Nikamwambia Mungu, nakuja.

Dada Miwani akamwambia Bosi kwamba mlango ulisahaulika kuhamishwa, hata yeye husahau. Umeme ulikwisharudi, akaiwasha mashine yangu, akaunakili mlango kwenye kompyuta kubwa. Milango ikarudi yote. Bosi akashusha pumzi, akasema mlango ni mzuri ajabu, sasa nitengeneze dirisha. Na nisiogope, nabaki. Dada Miwani amepata kazi kwingine, aliaga tangu Jumatatu ile ile jioni.

Tangu Jumatatu! Nimelia msalani. Nimeahidi mbele za Mungu kwamba dirisha litakuwa la wote.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi ameleta mzee mstaafu anisaidie asubuhi. Kompyuta anaiita televisheni. Amenishika mkono, akasema mwanangu, utanifundisha. Mtu wa umri ule anajifunza ili iweje?

Dirisha limekamilika. Unaandika upana, linajinyoosha lenyewe. Nimeliweka kwenye kompyuta kubwa kama nilivyoahidi. Fremu, yaani. Vioo viko kwenye flashi, na flashi iko ndani ya soksi yangu. Huko hakuna swichi wala ufagio.

Mke wangu ameuliza kwa nini naingia bafuni na soksi moja. Nimemjibu kuna baridi. Akasema, mguu mmoja tu? Akaendelea kunitazama. Ananitazama sana mwanamke huyu. Kesho naihamishia kwenye kofia.