Mikono Inayongoja Mara ya Tatu

Jumamosi, 2 Dei
Mwezi wa Dei umeingia na baridi ya kukata masikio. Kutoka nyumbani hadi karakana ya viatu ni nusu saa kwa pikipiki, na glavu zangu ni za sufu: upepo unapita humo kama mwenye nyumba. Vidole vimekataa kazi. Nimekata soli mbili, zote za kushoto. Tajiri ameuliza kama nina mteja wa aina hiyo.

Jioni nilipita kwa Solmaz, anayeshona maturubai. Akasema vidole vyangu vina rangi ya biringani, je, anishonee mifuko ya kufunika mikono kwenye usukani, turubai nje, ngozi ya kondoo ndani? Nikakataa, kama mtu aliyelelewa vyema. Usijisumbue, bibie. Akauliza, kweli? Nikakataa tena. Adabu ni kukataa mara mbili, ya tatu ndiyo unakubali. Mji mzima wa Tabriz unajua. Nikasimama, nikangoja ya tatu.

Akaokota uzi wake.

Miaka kumi na miwili amekaa Ujerumani! Kule wamemharibu. Ukisema hapana, anakuamini.

Jumapili, 3 Dei
Nimevumbua! Viazi viwili vya moto kutoka kwa muuza viazi na mayai, kila kimoja ndani ya soksi, soksi nimezifunga kwenye mikono ya usukani. Peponi, hadi kwenye mzunguko wa kituo cha treni. Hapo nikakamata klachi kwa nguvu.

Nimefika kazini na uji wa viazi hadi kwenye kiwiko. Jabbar wa meza ya pili ameniuliza, ndugu yangu, chumvi umeleta?

Jumanne, 5 Dei
Theluji. Nimevua glavu makusudi kilomita mbili kabla ya duka la Solmaz. Akiona hali mbaya zaidi, atafika mara ya tatu mwenyewe.

Niliingia siwezi kutamka jina langu. Akanipa glasi ya chai, vidole havikufumba. Akavifumba yeye, kimoja kimoja, juu ya glasi. Solmaz! Vidole vyake juu ya vyangu!

Sikuhisi kitu. Ganzi tupu. Mwaka mzima nangoja, na mikono haikuwepo.

Akauliza, nikushonee? Usijisumbue. Kweli? Kweli. Akarudi kwenye turubai lake.

Alhamisi, 7 Dei
Pikipiki ya Jabbar imevaa mifuko. Mipya, ngozi ya kondoo, mshono wake naujua. Anasema aliulizwa mara moja, akajibu ndiyo. Ndiyo! Kama hana mama.

Alipoingia chooni nikatia mikono yangu humo. Nyororo. Moto. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Jabbar yuko mbele yangu, anauliza, niwaache wewe na mifuko mpate nafasi?

Kisha akasema Solmaz amemuuliza kwa nini yule rafiki yake hataki kitu kutoka kwake. Akamweleza habari ya mara ya tatu. Anasema Solmaz alicheka hadi akapoteza sindano. Sijui nimshukuru Jabbar au nimtoboe tairi.

Jumamosi, 9 Dei
Ameniita mwenyewe kutoka mlangoni. Mifuko iko tayari, herufi ya jina langu imeshonwa ndani, mahali ninapopaona mimi tu. Bwana Yashar, akasema, chukua. Akakunja kidole cha kwanza. Chukua. Cha pili. Chukua, mtu wewe, kabla sijampa Jabbar!

Nimechukua. Nimezunguka mji mara mbili bila shughuli. Mikono kama mkate uliotoka tanurini!

Nikarudi kushukuru. Akasema, huku anatazama sindano, kwamba Ijumaa mama yake anapika kofte za nyama ya kusaga, zile kubwa kama kichwa cha mtoto, na angependa kuniona. Utakuja?

Nikasema, bibie, msijisumbue.

Akainua macho. Kweli?

Kweli, nikasema.

Sindano ikabaki hewani. Nami nikabaki nimesimama, mikono ina moto, nimetabasamu, nangoja. Kisha akaokota uzi wake.

Si kitu. Kesho nitautoboa mfuko wa kushoto, nirudi kwake kushonewa.