Utafiti Wangu wa Kambale

Ndugu zangu, leo nimeaibika mchana kweupe, mtaa wetu wa Buswelu ukinitazama.

Mnajua nilirudi kutoka Dar na stashahada yangu ya masoko. (Ndiyo, ile iliyotundikwa sebuleni. Nilijisomesha mwenyewe, sikubebwa na mtu.) Sikufungua mgahawa kwa kubahatisha kama wengine. Nilifanya utafiti! Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilisimama njia ya mnadani, nikamuuliza kila aliyepita: hapa pakifunguliwa mgahawa, utakula samaki gani?

"Kambale wa mchuzi!" Karibu wote.

Akiba yangu yote nikaitumbukiza humo.

Leo Jumatatu, ufunguzi. Sufuria kubwa, mchuzi mzito, harufu mpaka barabarani. Watu wanakuja, wanachungulia, "Hongera, kaka," wanaondoka. Kwenda wapi? Kwa jirani yangu Mama Neema, anayekaanga sato chini ya turubai lililotoboka!

Nikaanza kushuku. Mbona ananichekea sana leo? Mbona wateja wake wakiniangalia wananong'ona? Hujuma hii. Huyu mama kanichafua.

Kufika saa saba uzalendo ukanishinda. Nikavuka barabara. (Na mwiko mkononi, sijui wa nini.)

"Mama Neema, umewaambia nini wateja wangu?"

"Mimi? Nimewaambia karibuni."

Nikawageukia walaji. "Na nyie! Si mlisema wenyewe mnataka kambale?"

Mzee mmoja akarudisha tonge kwenye sahani.

"Sisi? Lini, mwanangu?"

"Jumamosi asubuhi! Mimi nimesomea haya mambo, mzee!"

Weee! Kilichofuata ni kicheko. Mama Neema ilibidi ashike nguzo ya turubai.

"Mwanangu," mzee akasema huku akifuta machozi, "mtaa huu karibu wote ni Wasabato. Jumamosi asubuhi tunakuwa kanisani. Na samaki asiye na magamba hatumli kabisa."

"Sasa... niliowauliza ni akina nani?"

"Si watu wa Sengerema hao! Wanakuja mnadani kila Jumamosi, jioni wanarudi kwao."

Mama Neema akanivutia benchi. "Kaa basi, baba, ule sato." Nikala. (Mtamu. Ndicho kinachoniuma.)

Sufuria bado imejaa. Mwenye ndugu Sengerema amwambie avuke daraja upesi. Stashahada nimeigeuza ikatazama ukuta. Nahisi nayo inanicheka.