Gia Kubwa ya Kupandia Ramsey

Jumatatu, 2 Juni 2025

Namshukuru Mungu. Shifti imeisha salama, wazee ninaowatunza kazini wote wamekula, hakuna aliyenirushia uji. Kanisa limetangaza safari ya baiskeli Jumamosi: tuanzie Saint Louis Park, hapa Minnesota, tumalizie juu ya kilima cha Ramsey, Saint Paul. Lynette wa kwaya atatungoja kileleni na chai. Nimemwambia wa kwanza kufika nitakuwa mimi. Amecheka. Kicheko kizuri hicho!

Jumanne, 3 Juni

Solomon amenishauri. Solomon mwimba besi, mwenye mapaja kama magogo, ambaye naye humsogelea Lynette kila baada ya mazoezi. Ati mlima unataka gia ndogo mbele na kubwa nyuma: nitapiga pedali mara nyingi, lakini miguu haitaumia. Mara nyingi! Ili nifike lini? Nimemshukuru kwa heshima. Njama yake nimeiona yote.

Jumatano, 4 Juni

Nimefanya kinyume. Mbele, gia kubwa kama sahani ya pilau. Nyuma, ndogo kama kizibo cha soda. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu nimekulia Kisii, milima naijua. Sikumwambia kwamba nilikuwa naipanda kwa miguu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeijaribu kandokando ya ziwa Bde Maka Ska. Tambarare tupu. Nimeruka kama mshale! Asante Mungu kwa akili hii.

Jumamosi, 7 Juni

Niliongoza hadi Mississippi. Daraja nililivuka peke yangu, nikiimba.

Kisha Ramsey. Pedali ilizunguka mara moja. Mara ya pili ilisitasita. Mara ya tatu ikagoma. Nikasimama juu yake kwa uzito wangu wote. Baiskeli nayo ikasimama, halafu ikaanza kurudi nyuma, mimi nikiwa juu yake, gari likipiga honi. Nikaangukia nyasi za watu.

Wenzangu wakanipita, miguu ikizunguka kama cherehani. Hata Mama Kerubo, mweka hazina wetu, mwenye wajukuu sita! Akanipungia mkono.

Solomon alikuwa amekaribia kileleni. Akageuka. Akashuka hadi nilipo, akalitazama goti langu, akauliza kama naweza kusimama. Nikamwambia aniache, aende kwa Lynette.

"Wacha ujinga, Alfred," akasema. "Chukua yangu."

Akaisukuma baiskeli yangu mlima mzima huku akitembea. Mimi nilipanda yake polepole, nikizungusha na kuzungusha, na miguu haikuuma. Machozi yalinitoka. Lynette nilimwambia ni jasho. Akanisafisha goti, akatumiminia chai sote wawili. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Jumatano, 11 Juni

Solomon amekuja kwangu akanifungia gia kama zake. Ndogo mbele, kubwa nyuma. Ndugu wa kweli! Nimemwombea sala ndefu hadi ugali ukapoa.

Jioni nimepanda Ramsey bila kushuka hata mara moja. Utukufu kwa Mungu! Nimekaa kileleni nikatafakari. Kama nimepanda kirahisi namna hii, basi miguu yangu imeshakomaa. Gia nyepesi ni za wanaoanza. Nimeagiza ya mbele, kubwa kuliko ile ya kwanza. Solomon nitamwambia ikishafungwa. Lynette nimeshamwalika aje kutazama.